KIINGEREZA CHA CHUONI: Tumsaidieje Mwanafunzi Wetu Akitumie Kituo cha Msaada wa Masomo?



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo halionekani kwenye stakabadhi za ada. Kamati inapompeleka kijana chuoni huhesabu ada, godoro, sare, nauli na chakula. Vyote vikishalipwa tunaona kazi yetu imekwisha, na kilichobaki ni cha kijana na vitabu vyake. Kisha muhula wa kwanza unaisha, matokeo yanabandikwa, na kijana aliyekuwa akiongoza darasa kule kwao anarudi na sapu mbili au tatu. Hapo maneno huanza: amebadilika, amepata marafiki wabaya, chuo kimemzidi. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu iko karibu zaidi. Hakuelewa swali lilimtaka afanye nini.

Tunaandika tukiwa na vijana wa Michenga mbele ya macho yetu, kwa sababu Michenga iko pembeni tu mwa mji wa Ifakara, na Ifakara ni mji wa masomo ya afya. Maabara ya utafiti ya Waswisi ilifunguliwa hapo mwaka 1957, na ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1961 yakafuata mafunzo ya watumishi wa afya wa vijijini. Ipo shule ya uuguzi yenye jina la Edgar Maranta, na mwaka 2010 kikaanza chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya cha Mtakatifu Fransisko, jirani na hospitali ya jina hilo hilo. Kijana wa Michenga anaweza kwenda darasani kwa baiskeli na jioni akala ugali kwa mama yake. Barabara si ndefu. Urefu uko kwenye lugha.

Lugha inapobadilika

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto akifika kidato cha kwanza mambo yanageuka: biolojia, jiografia na hesabu zinafundishwa kwa Kiingereza, na hivyo hivyo hadi chuoni. Katika bonde letu wapo watoto ambao hata Kiswahili walikipokea baada ya Kindamba, Kipogoro, Kibena au Kisukuma cha nyumbani. Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, tena ni lugha ambayo hawaisikii sokoni, shambani wala kanisani.

Tatizo hili si geni. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa nchi hii na wakaona kwamba wengi wa wale wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuatia masomo yao. Ubishi kuhusu lugha ipi itumike unaendelea mpaka leo, na ni ubishi wenye maana. Hata hivyo binti aliyekaa darasani wiki hii, na ada yake imelipwa kwa magunia ya mpunga, hawezi kungoja wakubwa wakubaliane. Yeye anahitaji msaada kabla ya mtihani wa Ijumaa.

Kituo hiki si tuisheni

Kituo cha msaada wa masomo ni chumba cha kawaida tu chuoni, mara nyingi karibu na maktaba. Mwanafunzi huingia na kazi yake mwenyewe, akakaa na mwelekezaji kwa nusu saa au zaidi kidogo, wawili peke yao. Mwelekezaji anaweza kuwa mwalimu wa lugha, au mwanafunzi wa mwaka wa juu aliyefundishwa namna ya kufanya kazi hiyo.

Wengi wetu tukisikia habari hizi tunafikiria tuisheni. Tofauti ni kubwa. Kwenye tuisheni mwalimu ndiye anayesema, wanafunzi thelathini wananakili, na anayelipa zaidi anakaa mbele. Kituoni anayesema zaidi ni mwanafunzi. Anaulizwa: swali hili umelielewaje? Sentensi hii ulitaka kusema nini? Nieleze kwa Kiswahili kwanza. Kisha wawili hao wanaitafuta njia ya kulisema jambo lile lile kwa Kiingereza cha somo.

Vyuo vyetu vikuu vina somo la Stadi za Mawasiliano kwa mwaka wa kwanza, nalo lina faida yake. Lakini ni somo la darasa zima, na mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtu akitafuta neno.

Mtindo wa kituo ulikomaa Marekani. Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa na chumba cha kusaidia uandishi tangu mwaka 1934. Mwaka 1984 mwalimu mmoja, Stephen North, aliandika makala iliyosomwa sana, akidai kwamba kazi ya kituo ni kumjenga mwandishi, wala si kuirekebisha karatasi aliyokuja nayo. Vituo vingi vilifuata wazo hilo, vikawafundisha waelekezaji wao wasitoe majibu, wamuulize tu mwanafunzi mpaka ayaone mwenyewe. Likawasaidia waliozaliwa na Kiingereza. Kwa wageni wa lugha halikutosha. Judith Powers aliandika mwaka 1993 kwamba mwanafunzi wa lugha nyingine hawezi kuulizwa mpaka akagundua kitu ambacho hajawahi kukisikia. Lazima mwelekezaji amwambie waziwazi kwamba kwa Kiingereza jambo hili husemwa hivi, na msomaji wa chuoni hutarajia hivi.

Sisi tunaliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote katika somo hili. Mwanafunzi wetu hahitaji kutafuniwa, wala hahitaji kuachwa apapase gizani kwa jina la kujitegemea.

Mambo yanayoletwa mezani

Tuchukue mfano wa binti wa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Tunamtunga sisi, lakini makosa yake ni ya kila siku.

La kwanza ni maneno ya maswali. Mtihani unasema *list*, au *describe*, au *compare*. Yote matatu yeye anayasoma kama "andika unachojua". Kwa hiyo akiambiwa *compare* kuhara kwa kawaida na kipindupindu, anaandika ukurasa mzima juu ya kimoja, ukurasa mwingine juu ya cha pili, vyote sahihi, na anapata nusu ya alama. Hakulinganisha. Mwelekezaji mzuri atachora mstari katikati ya karatasi na kumwambia: upande huu kuhara kwa kawaida, upande huu kipindupindu, kila mstari jambo moja: maji yanayopotea, kasi, homa, hatari. Kisha atamfundisha maneno mawili matatu ya kuunganishia. Nusu saa imekwisha, na binti ameondoka na kitu atakachokitumia katika kila somo mpaka amalize chuo. Akiletewa *list* siku nyingine, atataja na kuacha, hatapoteza muda kueleza.

La pili ni saa. Hili watu hulicheka, nasi tungelicheka kama lisingegusa wagonjwa. Kiswahili kinahesabu saa kuanzia mapambazuko, Kiingereza kinahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 2 asubuhi yetu ni 8 yao. Sasa dawa imeandikwa kutolewa kila baada ya saa 8. Ratiba ya wodini inasema 06:00, 14:00 na 22:00. Binti kichwani anasema saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Namba 8 imejitokeza mara mbili kwa maana mbili, mara moja kama muda wa kusubiri, mara moja kama saa ya ukutani. Aliyezoea hapati shida. Anayeanza, akiwa na usingizi wa zamu ya usiku, anaweza kuandika dozi mahali pasipo pake. Jambo hili halifundishwi katika kitabu chochote cha sarufi kutoka ng'ambo, kwa sababu waandishi wake hawana saa mbili kichwani. Mwelekezaji aliyekulia hapa analijua bila kuambiwa.

Tuongeze na maneno yanayofanana. *Hypoglycaemia* ni sukari kushuka, *hyperglycaemia* ni sukari kupanda. Sikio la Mswahili linayasikia karibu sawa, hasa mwalimu akisema haraka, na tiba zake ni kinyume. Kukariri orodha ya maneno hakusaidii sana hapa. Kinachosaidia ni kuyavunja: sehemu ya mwanzo inasema chini au juu, ya katikati inasema sukari, ya mwisho inasema damu. Akishajua kuvunja, maneno mengine mengi ya kitabu yanafunguka yenyewe.

Kuna pia kazi ya kurudi nyumbani kutoka Kiingereza. Mama wa Michenga akimleta mtoto hasemi *convulsions*, anasema degedege, na kwa wazee wengi degedege ina chanzo chake tofauti na malaria. Anasema homa, na homa inaweza kuwa joto la mwili au ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi anayejua Kiingereza cha kitabu tu ataandika tafsiri ya haraka na kupoteza alichoambiwa. Kwa hiyo tusishangae tukiona kituo cha Kiingereza kinazungumza Kiswahili kwa nusu ya muda. Ndivyo inavyotakiwa.

Maandishi yanayotuhusu sisi wenyewe

Hapa tunaomba tukae kidogo zaidi, kwa sababu mara nyingine tunaulizwa: kwa nini kuhangaika na Kiingereza wakati mgonjwa anazungumza Kiswahili?

Watoto wa kijiji cha Idete, katika bonde hili hili, walishiriki jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la Lancet, London, nayo yalionyesha kinga kiasi. Majaribio ya baadaye mahali pengine hayakuithibitisha kinga hiyo, na chanjo ikaachwa. Baadaye ulikuja mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga; wengi wetu tunakumbuka jina la "Zuia Mbu". Matokeo yake yalichapishwa katika jarida hilo hilo mwaka 2001, na yakawa miongoni mwa ushahidi ambao nchi nyingi zimeutegemea kuhusu vyandarua. Damu ilikuwa ya watoto wetu, vyandarua vilitundikwa juu ya vitanda vyetu, na taarifa iko kwa Kiingereza.

Mwanafunzi wa kwetu akiletewa taarifa ile ya mwaka 2001 atakuta kwamba vyandarua vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Asiyeelekezwa atasoma kwamba watoto 27 kati ya 100 walipona. Si hivyo. Namba ile inalinganisha waliolala ndani ya vyandarua na wasiolala. Na neno "vilihusishwa" limechaguliwa kwa makusudi: mtafiti anasema mambo mawili yameonekana pamoja, hajasema moja kwa moja kwamba hili limezaa lile. Tofauti ya kuhusishwa na kusababisha inabebwa na maneno mawili ya Kiingereza, *associated with*, na mwanafunzi asiyeyatambua anaweza kutangaza kijijini kitu ambacho utafiti haukusema. Meza ya kituo ni mahali pazuri pa kusoma taarifa kama hii, aya moja kwa wiki. Kuliko kumpa habari za hospitali ya Manchester, apewe za Idete. Ana hamu ya kujua.

Namna ya kukitumia

Kituo kinasaidia anayekwenda mapema. Wiki ya tatu ya muhula ni wakati mzuri: kazi za kwanza zimerudishwa zikiwa na alama, na mtihani bado uko mbali. Anayekwenda siku moja kabla ya kuwasilisha kazi anataka kufuliwa nguo, na mwelekezaji si dobi.

Aende na nini? Na swali lenyewe kama lilivyoandikwa, na alichokwisha kuandika hata kama ni robo ukurasa, na kazi ya zamani yenye alama za mwalimu. Asiende na karatasi tupu akisema "nisaidie Kiingereza". Ombi la namna hiyo halina mlango. Aseme: naomba tuangalie kama nimejibu swali. Au: naomba tuangalie nyakati za vitenzi katika historia hii ya mgonjwa. Awe na daftari dogo la makosa yake, maana kila mtu ana yake anayoyarudia. Wengi wetu tunachanganya *he* na *she*, kwa kuwa kiambishi chetu "a-" hakibagui mwanamume na mwanamke. Katika faili la mgonjwa mchanganyiko huo unamfanya daktari aulize kama amepewa faili la mtu mwingine.

Siku hizi kuna simu. Programu za kutafsiri zipo, na zipo zinazoandika insha nzima kwa dakika moja. Kutafuta maana ya neno kwenye simu ni jambo jema, tunalitia moyo. Insha iliyoandikwa na simu ni suala lingine. Chuo kikiligundua kina adhabu zake, na hata kisipogundua, mbele ya kitanda cha mgonjwa saa 9 usiku mwanafunzi huyo atakuwa peke yake.

Aibu, na wajibu wa kamati

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni aibu. Kijana aliyefadhiliwa anajua kwamba jumuiya nzima inamtazama. Akionekana kituoni anaogopa itasemwa kwamba fedha zimepotea kwa asiye na akili. Kwa hiyo anajificha, anadesa kutoka kwa wenzake, anakariri asichokielewa, mpaka neno "kudisko" linaanza kutajwa. Hapo kamati inapigiwa simu, na hapo kituo hakiwezi tena kufanya mengi.

Kamati inaweza kuliondoa hilo kwa maneno machache, yakisemwa siku ya kumkabidhi barua ya ufadhili: tunakutegemea uende kituoni, na kwenda kwako si dalili ya kushindwa. Iandikwe ndani ya barua yenyewe. Mwenyekiti asiulize likizoni "umepata ngapi?" kabla ya kuuliza "unasoma nini sasa, tueleze". Kumweleza mzee wa kigango kwa Kiswahili jinsi figo inavyofanya kazi ni zoezi halisi la masomo, na wazee hufurahi.

Kuna gharama ndogo ambazo bajeti zetu huzisahau. Vituo vingi hufanya kazi jioni, baada ya vipindi. Kwa binti anayelala Michenga, jioni maana yake ni giza njiani, na wakati wa masika ni maji na matope. Baiskeli yenye taa, au nauli ya bajaji mara mbili kwa wiki, au kitanda kwa ndugu aliye mjini katika miezi ya mvua, inaweza kuamua kama kituo kitatumika au la. Kwa wasichana hili si suala la starehe. Tungependa lionekane kwenye kila ombi la ufadhili kama mstari wake wenyewe.

Na chuo kikiwa hakina kituo? Kamati iulize kwanza, kwa sababu wakati mwingine msaada upo chini ya jina lingine, kwa mlezi wa wanafunzi au maktabani. Ikiwa haupo kabisa, ukumbi wa parokia una meza. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, muuguzi aliye kazini, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wanatosha kuanza Jumamosi asubuhi. Wafundishwe kwanza mambo mawili: kusikiliza kabla ya kusahihisha, na kutogusa kalamu ya mwanafunzi. La pili ndilo gumu. Walimu wa zamani mikono yao huwasha wakiona kosa.

Kuhusu taarifa kwa wafadhili

Baadhi ya wafadhili wametaka idadi ya mahudhurio kituoni. Idadi inapatikana kirahisi, lakini haisemi mengi. Kijana anaweza kuhudhuria mara ishirini akiwa amekaa tu. Wala haifai kumwomba mwelekezaji aeleze waliyozungumza. Yakivuja, wanafunzi wataacha kwenda. Tunapendekeza kitu kingine. Mwanafunzi mwenyewe, kwa hiari yake, achague ukurasa mmoja alioandika mwezi wa kwanza na mmoja wa mwisho wa mwaka, pamoja na maelezo mafupi kwa Kiswahili ya kilichobadilika. Kamati isome maelezo hayo kikaoni, iyaambatanishe na taarifa ya fedha, na kurasa zile mbili arudishiwe mwenyewe. Kamati zitakazotaka kuanza utaratibu huu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zituarifu kabla ya vyuo kufunguliwa, ili barua za ufadhili ziandikwe upya kwa wakati.